Nyanya za Anna Nilizozipanga Upya

Leo nimejiaibisha mbele ya maprofesa watatu, tena nimevaa kitenge kipya.

Mnaonijua mnajua nauza nyanya Kariakoo. Msichojua ni kwamba binti yangu Anna leo alikuwa anatetea utafiti wake wa shahada ya uzamili. Ameusomea ukungu unaoozesha nyanya. (Mimi nimepigana na uozo huo miaka yote, yeye kaenda kuusomea.)

Juzi tukila alinieleza.

"Mama, ndani ya ule ukungu kuna jeni za kupeleka ishara. Ukungu ukitua kwenye ganda la nyanya, jeni zinauambia: umefika, vamia. Baadaye zinauambia: sasa toa spora, lile vumbi lake la kuzaliana. Mimi nimezima jeni moja."

"Ikizimwa inakuwaje?"

"Ukungu upo, lakini umezubaa. Hauozeshi sana, na spora unatoa chache."

Nikaelewa palepale. Ni kama dalali wa sokoni. Lori likiingia anapiga simu, wachuuzi wanajaa. Mnyang'anye simu, mzigo upo na hakuna anayekuja.

Asubuhi Anna alitangulia chuoni Upanga kuandaa ukumbi. Akaniachia makopo mawili ya plastiki yenye nyanya zake.

"Mama, utakuja nayo kwa bajaji. La mfuniko mwekundu lina ukungu wa kawaida. La bluu lina ule niliouzimia jeni. Tafadhali usiyafungue."

Nikapitia kwanza kwenye kizimba changu. Nikayafungua. (Sipokei mzigo bila kuhesabu, na nikihesabu narudia. Hata mzigo wa mwanangu.)

La bluu, nyanya safi, vidoadoa tu. La mwekundu, jamani. Zimebonyea, zimeota manyoya ya kijivu, maji yanachuruzika. Mtoto wangu apeleke masalo, mabaki yasiyouzika, kama haya kwa maprofesa? Si watasema kwao wanauza takataka?

Nikatoa zote zilizooza, nikatupa kwenye pipa. Nikachagua nyanya ngumu kwenye tenga, nikazifuta kwa khanga, nikazipanga vikonyo chini, nyekundu kuliko zote zikae juu. Nikafunga, nikajipongeza. (Ndiyo, alikuwa amenieleza. Kichwa kilielewa. Mikono haikuwepo wakati wa maelezo.)

Ukumbini nilikaa mstari wa mbele. Anna akaongea vizuri mpaka nikawa namgusa mama aliyekaa pembeni yangu: "Huyo wangu." Kisha akasema, "Sasa mtaona tofauti kwa macho," akafungua makopo yote mawili.

Profesa mmoja, mzee wa miwani, akainama akatazama.

"Binti, ukungu wako wa kawaida mbona hauozeshi? Kama nyanya zote ni nzima, jeni uliyoizima ilikuwa na kazi gani?"

Hapo ndipo nilipoiona shahada ya mwanangu inaondoka. Anna alizitazama zile nyanya. Akaona vikonyo vimegeuzwa chini. Akainua macho polepole mpaka kwangu.

"Mama, za mwanzo ziko wapi?"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Nilizichambua sokoni, nikazitupa," nikasema. "Zilikuwa zimeoza."

"Zilitakiwa zioze, mama."

Walicheka mpaka mpiga picha akashusha kamera. Profesa yeye hakucheka.

"Na umezitupa sokoni? Huoni ni hatari?"

"Hapana, Profesa," Anna akanijibia. "Ule ukungu wa kawaida umetoka huko huko sokoni. Niliuchukua kwenye tenga la mama."

(Wateja wangu watatu walikuwemo ukumbini. Niliwaalika mwenyewe.)

Lakini ngojeni niwaambie kuhusu mwanangu. Profesa akambana: bila nyanya tutaaminije? Anna akatoa picha za nyanya zilezile tangu siku ya kwanza. Akaonyesha spora alizohesabu kwa hadubini. Wakambana tena: huenda ukungu ulidhoofika tu. Akaonyesha alivyoirudisha ile jeni, na uozo ukarudi vilevile. Wanamvuta huku, wanamvuta kule, yeye bei ni ileile. Hakupandisha sauti, hakuomba huruma, hakushuka hata kidogo. Mimi nimekaa pale najua kabisa huyo kajifunzia wapi.

Amefaulu. Nimelia, kitenge kimelowa, sijali.

Tukitoka, yule profesa wa miwani akanifuata. "Mama, naomba nije kizimbani kwako nichukue nyanya zilizooza. Ukungu wako unafaa sana kwa utafiti."

Naombeni msinicheke. Nyanya nzima bado ni zenu kwa bei ya kawaida. Zenye manyoya zimeshapata mteja, na nimemwambia kabisa kwamba hizo ni ghali zaidi.