Malalamiko Juu ya Maji Yaliyotoka Kwenye Viazi Vyangu Bila Kibali

Makambako,
Juni, 1954

Kwa Bwana Mkaguzi wa Shule, Njombe.

Bwana Mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni Methusela Mgaya, mkulima, Mkristo wa Kilutheri, mlipa kodi ambaye tarishi hajawahi kumkimbiza. Naomba kwa unyenyekevu umhamishe Mwalimu Anania wa shule yetu, umpeleke Iwawa kwenye baridi, au hata Lupingu kwa wavuvi, kwa sababu hizi:

1. Jumamosi iliyopita wakwe watarajiwa walikuja kutoka Lupembe kumposa binti yangu Tabea. Asubuhi mke wangu Dorika alimenya viazi ulaya, akavikata vipande, akaenda kisimani. Kwa kuwa chakula cha nyumba hii kimewahi kusemwa kwamba hakina ladha, nilivinyunyizia chumvi ya kutosha. Niliporudi kutoka zizini, vipande vimelegea kama matambara, vinaogelea majini. Wala mvua haikunyesha.

2. Nilimshtaki shemeji yangu Ida kwamba amevimwagia maji. Ida alilia, akaapa, akafunga mzigo wake arudi kwao. Ndipo Mwalimu Anania, aliyekuwa akipita zake njiani, akaingia bila kuitwa, akachovya kidole, akaonja, akacheka. “Mzee Mgaya,” akasema, “hakuna aliyemwaga kitu. Maji haya yametoka ndani ya viazi vyenyewe.” Alidai kiazi kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina ngozi nyembamba. Ngozi hiyo hupitisha maji upesi, lakini huizuia chumvi isipite. Na chumvi ikizidi nje, maji hutoka kuifuata.

Bwana Mkaguzi, vijana wetu wakienda kwenye mkonge Tanga hupimwa na kuandikwa hapa Makambako kabla ya kupanda lori. Maji yangu yameondoka bila cheti, na mwalimu anayatetea!

3. Akaamuru vipande vioshwe, vilowekwe katika maji matupu, eti maji yatarudi ndani. Dorika akamtii yeye, mimi mumewe nikabaki nimesimama na chumvi yangu. Wageni walipomaliza kusalimiana na kupumzika, viazi vilikuwa vigumu tena. Ukivunja kipande kinalia ta! Ida akafungua mzigo. Hakuna aliyeniomba radhi.

4. Hili ndilo kubwa. Mshenga, Mzee Enoki, alisikia ule mlio, akauliza ni nini. Mwalimu akaeleza upya. Enoki akaomba bakuli mbili, moja ya maji ya chumvi na moja ya maji matupu. Mama wa kijana naye akaomba zake. Mpaka jua linazama wakwe zangu walikuwa wamechuchumaa jikoni wakikunja viazi, na neno la posa halijatamkwa. Tabea, aliyekuwa chumbani na khanga mpya akingoja kuulizwa kama anakubali, alichoka kungoja, akatoka mwenyewe, akachuchumaa karibu na mchumba wake Filbert, wakacheka pamoja mbele ya wazee! Viazi viliisha kwa kuchunguzwa. Wageni walikula ugali na maharage.

5. Watu wakizoea kuuliza ngozi ya kiazi inampitisha nani na inamzuia nani, kesho watauliza habari za mlango wa klabu ya Wazungu. Mimi siulizi. Nataja tu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, makarani wote, mpishi, na yule mbwa wako mkubwa, ingawa hatuelewani. Kwa salamu ya kwetu, kamweneni nyote.

Ndimi raia mpole mwenye viazi vichache,
Methusela Mgaya

N.B. Jana jioni, kabla sijafunga bahasha, Mzee Enoki alifika kwa baiskeli. Wakwe wanarudi Jumamosi kumaliza posa, kwa sharti moja: Mwalimu Anania awepo, maana ukoo mzima wa Lupembe unagombana juu ya maharage yanayovimba yakilowekwa. Tafadhali usimhamishe. Na kama boma lina darubini ya kuonea vile vyumba, mpe aje nayo. Enoki anasema ngozi ile ina matundu, mimi nasema ina milango, na hatujalala.