Jino la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Balaa! Nimempelekea mama mkwe mtarajiwa biskuti. Za bei ya kutupa, zimekaa dukani mpaka zikawa kokoto. Kauma moja, jino la mbele kwaheri! Jumapili ndiyo anatoa jibu la posa: mimi au Fundi Friji. Kasema kwa biskuti hizi nisiote. Fundi Friji alikuwepo. Kacheka mpaka kapaliwa.

Jumanne, 7 Mei
Akili ni mali! Nabeba magunia kwenye kiwanda cha matofali ya kujengea tanuri. Unga wake unaitwa zirkonia. Mweupe pe! Asili yake mchanga tu: unapikwa na magadi makali, unaoshwa kwa asidi, unachomwa. Moto wa kuyeyusha chuma hauutishi. Baba Moto, mkuu wa tanuri, kasema hata meno ya bandia yanatokana na huo. Nikamuuliza yanatengenezwaje. Kasema nibebe magunia.

Jumatano, 8 Mei
Nimefinyanga jino, nikalichomeka tanurini katikati ya matofali. Limetoka chenga tupu! Baba Moto kanifuma. Kasema unga mtupu una hasira, ukianza kupoa unavimba na kujipasua. Lazima uchanganywe na dawa ya kuutuliza. Nikamwambia basi ni ndugu yake mama mkwe.

Ijumaa, 10 Mei
Nimetia dawa. Jino gumu! Nimelipiga nyundo, nyundo ikaomba msamaha. Ila limenywea! Liliingia la mtu mzima, limetoka la mtoto wa chekechea. Baba Moto kasema kila mtu anajua zirkonia husinyaa kwenye moto, lazima uanze na kubwa. Kila mtu nani? Mbona mimi sikuambiwa? Haidhuru. Gundi itajaza pengo.

Jumapili, 12 Mei
Mama mkwe kavaa jino. Kaniita mwanangu! Watu wote sebuleni. Kasimama, kavuta pumzi, kasema aliyempendeza ni... Fyuu! Jino likaruka, likatua kwenye chai ya Fundi Friji. Naye alikuwa anapiga funda. Kalimeza! Kakimbizwa hospitali. Mama mkwe kasema jibu limeahirishwa, na mimi nitoke kabla hajashika mchi. Kipenzi changu kanisindikiza mpaka mlangoni, kaniapisha nisiguse tena viungo vya wazazi wake. Nikaapa.

Jumatatu, 13 Mei
Baba Moto kaponyokwa na neno: nyonga za bandia nazo zipo za zirkonia. Na baba mkwe anavyochechemea, maskini! Mchana huwa anajilaza kibarazani. Kesho napita na futi, nimpime kabla hajaamka.