Tai wa Omena Stars

Breaking ndiye aliyeleta balaa. Jina lake la kanisani ni Dalmas, lakini pale kwenye kibanda cha chakula cha Filister, Mama Mitchelle, huko Kisumu Ndogo, Kibera, mtu anayesoma WhatsApp kwa sauti kabla hajasalimia watu hawezi kuitwa Dalmas.

“Wasee, patron ameandika mwenyewe,” akasema, simu karibu imguse pua. “Kuanzia Jumamosi ijayo, Omena Stars itavaa jezi nyeusi. Logo ya omena, vile visamaki vyetu vya ziwani, imetolewa. Tunaweka tai.”

“Omena Stars bila omena?” Filister akauliza, mwiko mkononi. “Na huyo tai anakuja Kibera kutafuta nini? Hata kunguru wa hapa wanalia njaa.”

“Ni branding, mathe. Dunia imesonga.”

“Isonge. Miaka yote tukifunga bao mimi hurusha omena kwa field. Sasa nirushe nini, manyoya?”

Obonyo aliweka kikombe chini. Huyu ndiye Wavu, kipa mstaafu, na jina alilipata kwa kuokota mipira wavuni miaka kumi na miwili. Siku nyingine angekuwa ameshaanza kuchambua. Leo alikuwa anamuwaza kaka yake Osewe, beki namba tano, aliyeishona logo ya kwanza kwa mkono: omena tatu, ya katikati imepinda kwa sababu uzi ulikuwa unaisha. Mwaka juzi walimzika Osewe na jezi yenye logo hiyo kifuani.

Patron akatokea, na njaa yake ya kila Jumamosi baada ya mazoezi. Mzee Naftaly, mwenye maploti ya kupangisha kule Gatina. Akatandaza sampuli ya jezi mezani. Tai alikuwa amekunja uso kama landlord tarehe tano.

“Sponsa hawezi weka jina lake karibu na omena,” akaeleza. “Kwetu hiyo ni chakula ya kuku.”

“Mzee, nikuulize kitu,” Wavu akasema. “Si kanisani mnasema tarumbeta italia, waliolala waamke?”

“Tunasema, na ni kweli.”

“Sasa Osewe ataamka na omena kifuani, atafute timu yake. Apate watu wamevaa nyeusi na ndege. Atatujua aje? Si atadhani ameamkia matanga ya mtu mwingine?”

Breaking alianza kucheka, akaona macho ya Wavu, kicheko akakigeuza kikohozi.

“Inaniuma, mzee,” Wavu akasema. “Kazi ya mkono wa Osewe imebaki kwa hiyo logo tu.”

Naftaly akajikuna shingo. “Pole sana, Obonyo. Lakini marehemu haleti sponsa.”

Wavu alihisi vile alivyokuwa akihisi mpira ukimpita kwapani. Naftaly akakunja jezi, akasugua mikono.

“Mama Mitchelle, nipee ile yangu ya kawaida. Omena, sukuma, na ugali kubwa.”

Filister akatazama sufuria ya omena iliyokuwa ikitokota mbele ya watu wote, akaifunika.

“Omena imetolewa.”

“Na hiyo iko jikoni?”

“Hiyo ni ya kuku. Wewe patron nimekupangia tai.”

“Wacha mchezo, Mama Mitchelle. Nina njaa.”

“Sichezi. Nimemuagiza, ni vile bado ako juu.” Akaonyesha angani kwa mwiko. Naftaly, maskini, naye akatazama juu.

Breaking akapakuliwa sahani ya kumwagika. Wavu akapakuliwa. Wakala polepole, kwa makusudi, wakinyonya vidole kimoja kimoja. Naftaly alivumilia matonge matatu ya wenzake, kisha akatoa simu.

“Beth? Wewe fundi, ushaanza zile jezi? Simamisha kwanza. Rudisha rangi ya zamani. Na hao samaki pia. Eeh, hao wa kuku.”

Filister, aliyekuwa ameanza kuinua kifuniko, akakirudisha juu ya sufuria.

“Wa timu, Beth, nilimaanisha wa timu.” Kifuniko kikainuka tena. Naftaly akaziba simu kwa kiganja. “Anauliza walikuwa wangapi.”

“Watatu,” Wavu akasema. “Na wa katikati amepinda. Mwambie asijaribu kumnyoosha.”