Hema la Kurusha Hewani

Jumatatu, tarehe 4
Jana mezani shemeji alijisifu anavyojua mambo ya kambi. Mdomo ukaniponza: nikasema mimi hema nalisimamisha nimefumba macho. Sijawahi kulala hemani. Mke wangu akafurahi, akapanga papo hapo: Jumamosi tunakwenda ziwani, wao na sisi, na baba yake atalala katika hema letu. Mbele ya baba mkwe hata chai huwa naimwaga.

Jumanne, tarehe 5
Dukani. Nilimwambia muuzaji namnunulia rafiki asiyejua kitu. Akanionyesha hema la familia lenye vyuma viwili vya kupinda: pitisha vyuma, pigilia vigingi, basi. Akasisitiza rafiki huyo ajaribu kwanza kulisimamisha nyumbani. Pembeni nikaona lingine, unalirusha hewani linafunguka lenyewe. Nikalichukua hilo. Akaonya kwamba kazi ni kulikunja. Kukunja ni shida ya Jumapili.

Alhamisi, tarehe 7
Nimelijaribu sebuleni. Likafunguka kweli, kwa hasira. Likaangusha taa, likajaa kuanzia kochi hadi kabatini, likaziba mlango wa jikoni. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, alikuwa jikoni. Nilimsahau kabisa.

Sauti yake ikatoka nyuma ya kitambaa, taratibu: "Mwanangu, kuna nini huko?"

Nikasema nafanya usafi. Nikikunja upande huu, ule unafumuka na kunipiga kidevuni. Mwishowe akatokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akachungulia dirishani. Akatabasamu, akaenda zake. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, tarehe 9
Halikukunjika. Nililifunga kwa kamba juu ya gari, nikatangulia peke yangu alfajiri, nikisema nakwenda kukagua uwanja. Nia: wakifika, walikute limesimama. Kwenye kona ya mwisho kamba ikakatika. Hema likachomoka, upepo ukalibeba hadi ziwani. Linaelea vizuri sana.

Walipofika, shemeji alisimamisha lake, la vyuma viwili, watoto wangu wakishika vigingi na kucheka. Mimi nilisimama ufukweni. Baba mkwe akaja kando yangu, akalitazama hema likizidi kwenda.

"Ndilo letu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi, akaninong'oneza kwamba wiki nzima hajalala vizuri. Hemani hajawahi kulala, na anaogopa wadudu, ila alishindwa kumwambia binti yake.

"Tulale garini, mwanangu," akasema. "Tuseme mgongo wangu unauma."

Jumapili, tarehe 10
Tumelala vyema, mimi na baba mkwe garini, wengine hemani kwa shemeji. Asubuhi mke wangu alinishika mkono, akasema anajua yote, mama alimsimulia tangu Alhamisi, na hana kinyongo. Aliomba jambo moja tu: nisijisifu tena kwa nisichokijua. Nikakubali kwa moyo wote.

Kwenye chai shemeji akasema likizo ijayo tukodi mashua. Akauliza nani anajua kupiga makasia. Nikasikia mtu akisema amekulia majini. Sauti ilikuwa yangu.

Sijui kuogelea. Kesho napita dukani kuuliza mashua gani haihitaji makasia.