Mbuzi Asiye na Jeton

Jumatatu, 9 Mei 2016
Semina imeanza hapa Kamembe. Siku tano! Tuko walimu wa chekechea kumi na wawili, na mkufunzi ni Maman Antoinette kutoka Bukavu. Eti tujifunze kusimulia hadithi pamoja na watoto. Unasimulia kidogo, unanyamaza, unawauliza wanadhani nini kitafuata. Eti jibu lolote ni zuri! Miaka kumi na tisa darasani, sijasikia upuuzi kama huu. Kwangu mtoto hufungua mdomo nikimwelekezea fimbo.

Lakini nimeitikia kwa kichwa. Ijumaa tutasimulia mbele ya Inspekta, na atakayeshinda atakuwa mkufunzi wa walimu wote wa sekta yetu nzima. Nakitaka cheo hicho kuliko kitu chochote. Nimemwambia mke wangu, Nyiraneza, kwamba tayari ni changu. Naye ameshawaambia majirani.

Jumanne, 10 Mei
Majaribio. Wenzangu walijifanya watoto. Nikasimulia hadithi niliyoitunga mwenyewe: mbuzi anataka kuvuka daraja kwenda Bukavu, lakini hana jeton, kile kikaratasi cha mpakani. Nikauliza atafanya nini. Wakatoa majibu sita. Nikawaambia yote sita ni makosa. Maman Antoinette aliandika kitu daftarini. Nadhani ni sifa.

Akafuata Honorine, msichana wa Nkanka, miaka miwili tu kazini. Alikaa chini kwenye mkeka. Mwalimu mzima, chini! Wote wakapiga makofi. Wanafiki.

Jumatano, 11 Mei
Nimepata dawa! Watoto watakaoletwa Ijumaa ni wa darasa langu. Kwa nini niwaulize wanadhani nini, na mimi ninajua wanachopaswa kudhani? Baada ya semina nimewafundisha majibu manne kwa mpangilio. Mbuzi anataka nini? Kuvuka! Mbona amezuiwa? Hana jeton! Atafanya nini? Atarudi nyumbani! Tumejifunza nini? Utii! Nimewaahidi mandazi.

Alhamisi, 12 Mei
Mazoezi mara thelathini. Sasa wanajibu hata kabla swali halijaisha. Raha iliyoje! Honorine alipita akaniuliza kama watoto hawajachoka. Wivu huo.

Nyiraneza amepiga suti yangu pasi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sitainama, suti itakunjamana.

Ijumaa, 13 Mei
Aibu! Aibu kubwa!

Inspekta aliingia kabla sijaanza. Akawauliza watoto wanataka kufanya nini leo. Wote kwa sauti moja: "Kuvuka!" Akacheka. Akauliza mbona mwalimu wao anatoka jasho. "Hana jeton!" Nikakohoa, nikakonyeza. Wapi! Akauliza sasa huyu mwalimu afanye nini. "Atarudi nyumbani!" Akauliza wanapenda chakula gani. "Utii!"

Kisha Nyirahabimana, katoto ka miaka mitano, akasimama: "Mwalimu, tumemaliza yote. Mandazi yetu iko wapi?"

Ikaja zamu ya Honorine. Akakaa chini na kuanza kumsimulia mbuzi wangu, mbuzi yule yule! Akauliza kwa nini anataka kuvuka. Watoto wakanitazama mimi. Honorine akangoja tu, kama mtu asiye na kazi. Mwishowe Nyirahabimana akasema polepole kwamba mbuzi anamkimbia Mwalimu Mbarushimana, yaani mimi! Mwingine akasema ni kwa sababu ya fimbo. Basi midomo ikafunguka, kila mtoto na lake! Atajificha kwenye gunia la makaa. Atapita chini ya daraja, kama maman yangu anavyopitaka na vitenge. Ntabaza, ambaye mwaka mzima nilidhani ni bubu, aliongea dakika tano bila kumeza mate.

Inspekta aliacha kucheka. Alikuwa akiitazama fimbo yangu, niliyokuja nayo na kuiegemeza ukutani. Nilijisikia vibaya sana. Pengine ni yale mandazi, maana niliyala mwenyewe.

Jumamosi, 14 Mei
Honorine ndiye mkufunzi. Na kwa amri ya Inspekta, mwalimu wa kwanza kufundishwa naye, Jumatatu, ni mimi! Nyiraneza leo amekwenda sokoni kwa njia ya nyuma, asikutane na majirani.

Nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Majibu manne yalikuwa machache mno. Nimeandika arobaini na moja.

Nimemtuma pia Nyiraneza akamwulize Honorine maswali ya Jumatatu ni yapi. Amerudi akisema Honorine mwenyewe hayajui bado, atayapata tukishaanza kuongea. Mkufunzi gani huyo! Si kitu. Majibu yangu nimeshayakariri.