Hotuba ya Boga la Herufi Sita

Jumatatu, 3 Juni

Imeamuliwa. Bustani itabaki moja.

Naandika haya kwa utulivu unaonipasa mimi, mwalimu mkuu msaidizi, mtu aliyehutubia mikusanyiko ya asubuhi kwa miaka ishirini na miwili bila kuhitaji kipaza sauti. Kambi yetu, katika ule mchezo wa kompyuta wa kuokoka nyikani, ina watu watatu: mimi, binti yangu, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa meno ya bandia. Binti ndiye mkuu wa kambi. Kimwili yuko mbali, anajifunza upimaji wa ardhi. Leo ametangaza kwamba maji ya kisima hayatoshi bustani mbili. Jumamosi saa kumi na moja jioni atakagua nani ana mche bora wa maboga, mimi au mjomba wake. Mshindi atabaki na bustani. Mshindwa atalinda lango.

Lango! Mimi!

Niseme wazi kinachonitoa jasho. Kila siku saa kumi na moja jioni binti huja bustanini kwangu kumwagilia. Mimi napalilia, yeye anamwaga maji, tunaongea. Nikimpigia simu hujibu kwamba yuko poa, Baba, na mara amekata. Bustanini huongea saa nzima. Bustani ikienda kwa Shemeji, saa hiyo inaenda naye.

Haitaenda.

Kwa manufaa ya hadhira (najua sina hadhira humu, mazoea ya jukwaani): kila mche una herufi sita. K hukuza haraka. Z huzaa kwa wingi. U huvumilia baridi. Hizo ni njema. M ni mlafi wa maji. T ni tupu, haina kazi yoyote, mfano wa mjumbe mmoja wa kamati yetu ya nidhamu ambaye sitamtaja. Boga kamilifu ni KKKZZZ. Langu leo hii ni MTZUTZ.

Shemeji anadai lake limebakiza herufi moja. Alidai hivyo huku akitafuna kitu kwenye hedifoni. Akaongeza kwamba pale langoni pana kivuli kizuri, shemeji yangu, utapumzisha mgongo.

Nilivua hedifoni. Niliivua kwa ukali mkubwa.

Jumanne, 4 Juni

Mkakati wa kwanza.

Kanuni ni hii. Mche wa katikati huwaiga majirani wanaouzunguka. Majirani wakikubaliana Z mahali fulani, nao hugeuka Z mahali hapo. Tatizo: herufi mbaya ni nzito. T moja huishinda Z moja. Zinahitajika Z mbili kuiangusha. Nimeishi ndani ya shule maisha yangu yote. Kanuni hii haikunishangaza hata kidogo.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilipanga vikombe tisa juu ya meza ya chakula. Kimoja katikati, vinane pembeni. Kila kikombe na karatasi yenye herufi zake. Mpango ulikuwa safi. Nilisimama mbali kidogo nikautazama kama jenerali.

Nimerudi saa tisa na nusu. Mke wangu yupo na jirani yetu mshonaji. Wanakunywa chai. Mshonaji ameshika TZZMTU. Ameitia sukari vijiko vitatu.

Nikauliza kwa upole karatasi ziko wapi. Mke wangu akasema zipo pale juu ya friji, amezipanga vizuri, ndogo juu, kubwa chini. Akasema vikombe ni vya kunywea, mwalimu, na kama mtu ana hamu ya kupanga vitu, kabati la viatu lipo na halijawahi kumkimbia mtu. Mshonaji akacheka hadi akamwagikiwa na ZZ zote.

Nimepanda kwa kumbukumbu. Kumbukumbu imenisaliti. Mche wa katikati umezoa T nne.

Binti alikuja na ndoo yake saa kumi na moja kamili. Aliutazama mche. Kisha akauliza kama Baba nimekula leo. Nikamweleza kwamba haya ni majaribio, na kwamba kila jaribio la kitaalamu huanza na hasara. Akaniambia mwalimu wao amewapandisha kilimani mara mbili wakiwa wamebeba mitambo, na mara ya pili ilikuwa adhabu kwa sababu yeye alicheka. Nikamweleza zaidi kuhusu T.

Jumatano, 5 Juni

Sijivuni kwa ya leo. Nayaandika kwa ajili ya historia.

Nilijiuliza: kama siwezi kulipandisha boga langu, je, la Shemeji haliwezi kushuka? T moja tu. T moja, ipandwe kimyakimya kwenye tuta lake, iwaambukize majirani wote. Hii si hujuma. Ni kusawazisha uwanja.

Saa ya mapumziko ya mchana nikafunga mlango wa ofisi. Juu ya kioo cha kompyuta nikaweka ripoti ya mahudhurio, nyuma yake nyika. Shemeji alikuwa kazini na taya za watu. Mchezo wetu una adabu moja: sote tukitoka, dunia yake husimama, mmoja akiingia, inaendelea. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu ulimwenguni, mimi na mkoba wangu wenye miche yote niliyo nayo. Kwa nini niibebe yote? Usalama. Ningeiacha wapi, na wezi walivyojaa?

Nikanyata hadi tuta la Shemeji. Nikainama. Nguruwe mwitu akatokea nyuma ya uzio.

Mtu wangu alifariki saa saba na dakika kumi na mbili. Aliamka kambini, mikono mitupu. Mkoba ulibaki tutani kwa adui, na T ikiwa juu kabisa.

Nimeshinda mchana kutwa nikitunga maelezo. Nilifika na matatu, moja likihusisha upepo.

Jioni Shemeji akaja bustanini kwangu kwa mguu, mkoba wangu mkononi. Nikajiandaa. Akasema: "Shemeji, yaani unakuja kwangu hata hodi hupigi, mpaka nguruwe ndiye akupokee!" Akasema amefurahi sana kwamba hatimaye nimemtembelea, miaka yote hii huwa ni yeye tu anayenifuata mimi. Miche yangu ilikuwamo yote, haukupungua hata mmoja. Juu yake ameweka kipandikizi, kitawi alichokikata kwenye boga lake: KKKZZU. Mgeni haondoki mikono mitupu, akasema, hata kama aliondoka amekufa.

KKKZZU! Binti akamwambia Mjomba, umejimaliza. Naye akajibu kwamba boga ni boga.

Nimekipokea kipandikizi kwa taadhima. Katika maandishi rasmi ya kambi nimekiingiza kama mali iliyotekwa.

Alhamisi, 6 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Hakuna bustani. Hakuna binti.

Nimeandika hotuba ya ushindi. Kurasa saba. Sehemu tatu: tulikotoka, tulipo, boga.

Ijumaa, 7 Juni

Nitulie kwanza.

Kipandikizi cha Shemeji nilikiweka katikati. Pembeni nikapanda miche yangu minne, yote ikiwa na Z mahali pa sita. Kwingine kote ilikuwa aibu tupu, lakini aibu za namna tofauti: huyu akivuta T, yule akivuta M, wakabatilishana wenyewe kwa wenyewe kama kikao cha wazazi. Mahali pa sita tu ndipo walipokubaliana.

Saa kumi na moja na robo U ikaanguka. Z ikapanda.

KKKZZZ.

Nilisimama. Nikaketi. Nikasimama tena. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, amezaliwa mtu. Akasema basi huyo mtu aje achukue sahani, chakula kiko tayari.

Binti alipiga kelele kwenye hedifoni, ile sauti yake ya utotoni. "Baba, kata vipandikizi! Kata sasa hivi!" Kwani kanuni ya mwisho, na kubwa kuliko zote, ndiyo hii: kipandikizi hukatwa mche ukiwa bado mchanga, nacho hubeba herufi zilezile milele. Ukikomaa, haukatwi tena. Unavuna boga, na mbegu za ndani huja na herufi za kubahatisha.

Nikamwambia, mwanangu, jambo la namna hii halikatwi kama mchicha. Litakatwa kesho, saa kumi na moja jioni, mbele ya kambi nzima, baada ya maneno machache. Akasema Baba, inachukua dakika moja. Nikamwambia ndoa nayo huchukua dakika moja, lakini watu hukodi viti. Shemeji akasema mimi naona angekata tu. Bila shaka. Mtu wa meno hujua kung'oa tu.

Hesabu nimeipiga: boga la kawaida huchukua dakika arobaini toka hatua hii hadi kukomaa. Hotuba ni dakika ishirini na tano. Tumetoka sote kwa pamoja, dunia imesimama, mche umelala salama.

Jumamosi, 8 Juni

Niyaseme kwa mpangilio.

Asubuhi niliingia peke yangu kwa dakika sita. Mazoezi. Msemaji makini hapandi jukwaani bila kuzoea mahali atakaposimama. Niliisoma sehemu ya kwanza mbele ya mche. Ulionekana kunisikiliza. Ulionekana pia kurefuka kidogo. Nikahesabu hilo kuwa ni heshima.

Saa kumi na moja kamili kambi ilikusanyika. Binti upande wa kisima. Shemeji amevaa ngozi ya nguruwe, nadhani ni yuleyule. Nikatangulia kuwakumbusha kwamba maswali yatapokelewa mwishoni.

Ukurasa wa kwanza uliwagusa. Shemeji aliacha hata kutafuna.

Ukurasa wa pili, binti akasema "Baba." Nikainua mkono. Maswali mwishoni.

Ukurasa wa tatu, binti akasema "Baba, jamani." Shemeji akasema shemeji, samahani kidogo, geuka nyuma. Nikamwonya kwamba mbinu ya kumgeuza msemaji naijua tangu yeye anavaa kaptula. Nikaendelea. Nilikuwa katika ile sentensi ndefu ya subira.

Niligeuka ukurasa wa nne ulipoanza, ambapo hotuba yenyewe inaelekeza: "(Geuka, ulionyeshe boga.)"

Boga lilikuwepo. Kubwa, la manjano, limekaa juu ya majani kama mwenyekiti. Limekomaa. Na siyo moja, matano.

Dakika arobaini ni za boga la kawaida. Hili lilikuwa na K tatu. Kwa siku tano nilikuwa nikizalisha haraka. Haraka ikaja, ikanikuta katika subira.

Tulipasua yote matano. Mbegu ya kwanza: TMUTKT. Ya pili sitaiandika. Ya nne ilikuwa na M nne. Binti alisema hiyo ingekunywa kisima chote na ndoo yake.

Hukumu ilikuwa fupi. Shemeji ana KKKZZU, na vipandikizi kumi na viwili. Bustani ni yake. Hakushangilia. Alisema shemeji, hotuba ilikuwa nzuri, hasa pale kwenye subira. Naamini alikuwa anasema kweli, jambo ambalo limeniuma zaidi.

Nilikabidhi jembe. Binti akaanza kusema kitu, kwamba kesho saa ileile atapita. Nikamwambia asijisumbue, ndoo yake sasa ina kazi kwa mjomba wake. Nikavua hedifoni.

Chakula hakikupita. Mke wangu aliniletea maji, akakaa pembeni ya kiti changu, hakuuliza nani amekufa.

Jumapili, 9 Juni

Langoni.

Mawe mawili, nguzo, upepo. Kivuli, kwa haki kabisa, ni kizuri.

Saa kumi na moja kamili akaja, ndoo mkononi. Nikamwambia hapa hakuna cha kumwagilia. Akasema anajua. Akaweka ndoo chini, akakaa juu ya jiwe la pili. Akaniambia amefaulu mtihani wa kupima mwinuko, na kwamba alikuwa ameogopa hadi akausoma mtambo mara tatu. Akasema chumba chake hakina dirisha la kueleweka. Akauliza sauti yangu imekuwaje, mbona imekwaruza. Akanichekesha kuhusu Shemeji, ambaye ameanza kupiga hodi kabla ya kuingia kwenye bustani yake mwenyewe.

Nilitazama saa alipoaga. Dakika sabini na tano. Bustanini haijawahi kupita sitini.

Nimelitafakari hili jioni yote kwa makini. Kwa nini akae muda mrefu zaidi mahali pasipo na boga, pasipo na tuta, pasipo na kazi? Maelezo ni mamoja tu yanayoingia akilini. Ananihurumia kwa kupoteza bustani. Kwa hiyo bustani lazima irudi.

Na Mungu si mwanafunzi mtoro. Chini ya nguzo ya lango, upande wa kushoto, nimeona zabibu mwitu imejiotea. Nikazisoma herufi zake: TMKTTZ. Ina K. Ina Z. Si haba! Vikombe vitatoka tena kesho, mke wangu akishaenda sokoni.

Binti, kabla ya kuondoka, aliiona pia. Akanitazama. Akanitaka niahidi kwamba safari hii, ikifanikiwa, hakutakuwa na hotuba.

Nimeahidi, na mimi ni mtu wa neno langu. Hotuba hapana. Itakuwa salamu fupi ya shukrani tu.

Nimeanza kuiandika. Niko ukurasa wa tisa.