Ombi la Kurudishiwa Nusu ya Maumivu ya Baba

Kwa Daktari wa Migongo,
Chumba cha mwisho, ukimaliza ngazi.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Natumaini hujambo, pamoja na yule muuguzi aliyemshika Baba mkono akaambiwa kwamba anaumiza kuliko sindano. Mimi ni binti wa fundi cherehani, yule mwenye maumivu ya kiuno yaliyoshuka mpaka mguu wa kushoto. Nilikaa kwenye kona ya benchi. Ulimuuliza Baba, "Huyu hasemi?" naye akakujibu, "Anasema, ila anaweka akiba."

Naandika kwa sababu karatasi hainitazami usoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sindano yako imefanya kazi. Ulimlaza Baba kifudifudi, ukamtia ganzi, ukaifuatilia sindano kwenye picha ya eksirei, ukaweka dawa ya steroidi karibu na mshipa wa fahamu uliobanwa. Ulisema huenda ikachukua siku kadhaa na huenda isisaidie. Huenda mbili kwa pumzi moja, Daktari, nami nikazitegemea zote. Siku ya nne Baba aliamka akipiga mluzi.

2. Kwa miezi mitano kabla ya sindano, Baba alishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa, miguu juu ya kiti, maana hapo ndipo mshipa ulipompa nafuu. Mteja akiingia, sauti ilitoka chini: "Karibu ndugu yangu! Usinikanyage tu!" Yeye aliongea, mimi nikashona. Hakuna aliyeniuliza nitaolewa lini. Nilishona suruali arobaini na moja, ikarudi moja tu, na hiyo ni mwenyewe aliyenenepa.

3. Sasa Baba amekalia cherehani yangu. Nimeandika yangu kwa makusudi. Mimi nimehamishiwa kaunta. Jana alikuja mwalimu wangu mkuu wa zamani. Nilimwambia "Shikamoo", nikamwambia "Asante", nikamwambia "Kwaheri". Alikuwa hajataja shida yake.

4. Hukutuonya vya kutosha. Ulisema uso unaweza kuwaka moto na mgonjwa akakosa utulivu siku mbili tatu. Hukusema atapanda juu ya stuli kupaka rangi kibao cha duka huku akiimba. Mama anasema alikukabidhi mume, ukamrudishia panzi.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umrudishie nusu ya maumivu. Si yote, mimi si katili. Mguu wa kushoto peke yake, kuanzia goti kushuka chini, kiasi cha kushindwa kukanyaga cherehani lakini asishindwe kucheka. Kama haiwezekani, basi nichome mimi sindano ya kuongea. Kama nayo haipo, uje mwenyewe kila Jumamosi usimame kaunta, maana nusu ya wateja wanakuja kumtazama Baba akiinama, na hao umetuletea wewe.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na dada wa mapokezi ambaye sijawahi kuthubutu kumsalimia. Yeyote atakayelala kwenye kitanda kile, mwambie aifikirie familia yake kwanza.

Ni mimi, mwenye heshima na huzuni,
Binti wa Fundi (kona ya benchi)

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha Baba alipoingia amekumbatia cherehani kuukuu ya chuma, ameibeba mwenyewe kutoka mtaa wa pili. "Hii yako, mwanangu. Usiseme asante, utachoka bure." Akainama kuiweka chini. Hakuinuka. Sasa yuko chini ya meza, miguu juu ya kiti, na hacheki. Cherehani mbili ziko wazi na sitamani hata moja. Daktari, futa namba 1 mpaka 5. Ulimkataza kubeba vizito, nilisikia. Tafadhali usimgombeze sana. Kesho asubuhi nakuja kuuliza kama anaweza kuchomwa tena. Mama atabaki naye, kwa hiyo pale mapokezi nitaongea mwenyewe.

Mteja ameingia sasa hivi. Baba hakuitika. Nimemwambia mimi: "Karibu. Tafadhali usimkanyage Baba."